Nafsi, Akili na Wasiwasi: Wanafalsafa wa Zama za Kati na Mizizi ya Fikra za Kisaikolojia

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayeamua kuhakiki riwaya kwa misingi ya saikolojia aghalabu huanza na Sigmund Freud (1856–1939). Anayejitahidi zaidi hurudi nyuma hadi mwaka wa 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, na saikolojia ikaanza kuhesabiwa kuwa sayansi inayojitegemea. Kabla ya hapo pana kimya. Msomaji huachwa akidhani kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya Wayunani, binadamu hakujiuliza hofu hutoka wapi, kumbukumbu huhifadhiwa wapi, wala kwa nini mtu mwenye siha njema hukosa usingizi kwa jambo lisilokuwapo.

Makala haya yanakusudia kukijaza kimya hicho, japo kwa kiasi. Hoja yetu kuu ni kwamba wanafalsafa wa Zama za Kati waliichunguza akili kwa kuigawa kulingana na kazi zake na wakatafuta ushahidi katika maisha ya kila siku na katika maradhi. Aidha, sehemu kubwa ya istilahi walizozitumia imo vinywani mwetu hadi leo. Tunapotamka nafsi, roho, akili, fikra, hisi, hofu, huzuni na wasiwasi, tunatumia maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo yalijadiliwa kwa kina na wanafalsafa na matabibu karne nyingi kabla ya Freud kuzaliwa. Mhakiki wa Kiswahili asiyeijua historia hii hukopa mbali kile ambacho tayari kimo nyumbani mwake.

Kwa Zama za Kati tunarejelea kipindi cha kuanzia takriban karne ya 5 hadi ya 15. Hatudai kwamba wataalamu tutakaowataja walikuwa wanasaikolojia kwa maana ya sasa. Hawakuwa na maabara, na wengi wao waliichunguza nafsi kwa sababu walitaka kujua hatima yake baada ya mauti. Tunachodai ni kwamba maswali yao ni ya kisaikolojia na baadhi ya majibu yao yangali na uzito.

2.0 Urithi wa Wayunani

Msingi wa mjadala uliwekwa na Aristotle (384–322 K.K.) katika kitabu chake kuhusu nafsi. Kwake, nafsi ni ile inayokifanya kiumbe kiwe hai. Mmea una nafsi ya kukua na kuzaa. Mnyama huongezewa uwezo wa kuhisi na kutembea. Binadamu huongezewa uwezo wa kutafakari. Mgawanyo huu wa ngazi tatu ulitawala fikra kwa karne nyingi.

Hata hivyo, Aristotle aliacha mgogoro mmoja mkubwa. Aliuona moyo kuwa makao makuu ya hisi, na ubongo kuwa kiungo cha kupoza joto la mwili. Galen, tabibu Myunani aliyezaliwa mwaka wa 129 B.K., alipinga jambo hilo kwa ushahidi wa upasuaji wa wanyama: mishipa ya fahamu inaelekea kwenye ubongo. Mwishoni mwa karne ya 4, Nemesius, askofu wa Emesa nchini Syria, alizigawa kazi za akili katika sehemu za ubongo: taswira mbele, fikra katikati na kumbukumbu nyuma. Vitabu vya Wayunani hawa vilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, hasa katika karne ya 9, na Hunayn ibn Ishaq (809–873) akawa mfasiri mashuhuri zaidi wa vitabu vya Galen. Kwa njia hiyo mgogoro wa moyo na ubongo ukaingia katika ulimwengu wa Kiislamu.

3.0 Augustine na Maajabu ya Kumbukumbu

Kabla ya kufika Baghdad, yafaa tutue Afrika Kaskazini. Augustine (354–430) alizaliwa Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, akawa askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka wa 400, alifanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifanya kwa kina kama hicho: aliitazama akili yake mwenyewe ikifanya kazi.

Sehemu ya kumi ya kitabu hicho inahusu kumbukumbu. Augustine anaifananisha na kumbi kubwa zenye hazina zisizohesabika, kisha anauliza maswali magumu. Inakuwaje mtu akumbuke furaha ya zamani huku amejaa huzuni, bila furaha hiyo kumrudia? Inakuwaje mtu akumbuke kwamba amesahau kitu, ilhali hakijui alichokisahau? Maswali haya yanaonyesha kuwa kumbukumbu haiwezi kuwa ghala tu la picha. Ina namna yake ya kufanya kazi, na hisia iliyohifadhiwa si ile ile iliyohisiwa.

Katika sehemu ya kumi na moja anaugeukia wakati. Yaliyopita yamo katika kumbukumbu, yaliyopo yamo katika uangalifu, nayo yajayo yamo katika matarajio. Mfano wake ni wa mtu anayeghani zaburi aliyoihifadhi: kabla hajaanza, yote imo katika matarajio, kila neno linapotamkwa, huhamia katika kumbukumbu. Sisi tunaochunguza fasihi simulizi tutautambua mara moja mfano huu. Hivyo ndivyo manju anavyofanya kazi mbele ya hadhira yake.

4.0 Al-Balkhi na Maradhi ya Nafsi

Abu Zayd al-Balkhi (850–934) alitoka eneo la Balkh, ambalo leo limo Afghanistan. Alikuwa mwanajiografia na mwanafalsafa. Kitabu chake kuhusu manufaa ya miili na nafsi, Masalih al-Abdan wa al-Anfus, kina sehemu mbili, ya kwanza ikihusu mwili na ya pili nafsi. Al-Balkhi aliwalaumu matabibu wa wakati wake kwa kuushughulikia mwili peke yake, ilhali binadamu ni mwili na nafsi na kila kimoja huweza kukiambukiza kingine. Anayeumwa mwili hupungukiwa na uwezo wa kufikiri. Anayeteseka nafsini hukosa hamu ya chakula na hatimaye huugua.

Maradhi makuu ya nafsi aliyoyashughulikia ni manne: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Yatazame tena maneno haya. Yote manne yamo katika kamusi zetu, na maumbo yake hayajaachana sana na yale ya Kiarabu aliyoyatumia. Mada za kitabu cha karne ya 9 au ya 10 zinaweza kusomeka katika Kiswahili cha leo takriban bila tafsiri.

La muhimu zaidi ni uchanganuzi wenyewe. Kuhusu huzuni, alitofautisha aina mbili. Ya kwanza ina sababu inayojulikana, kama vile kufiwa au kupoteza mali. Ya pili humjia mtu bila yeye kujua chanzo chake, nayo aliihusisha na hali ya mwili, hususan damu. Kwa hiyo tiba zake hazilingani: ya kwanza huhitaji maneno na fikra, ya pili huhitaji pia tiba ya mwili. Madaktari wa akili wa karne ya 20 walirejea kwenye mgawanyo unaokaribiana sana na huu walipojadili sonona.

Kuhusu wasiwasi, alieleza fikra zinazomjia mtu tena na tena, zikimtisha kwa mambo ambayo huenda yasitokee kamwe. Alimshauri mwenye hali hiyo asikae peke yake, ajishughulishe na watu na kazi, na azipinge fikra hizo kwa fikra nyingine zilizo sahihi. Alipendekeza pia kwamba mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati nafsi yake imetulia, kama vile mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Wanaojua tiba ya kisasa inayolenga kubadilisha namna mgonjwa anavyofikiri watauona ujamaa uliopo.

5.0 Ibn Sina

5.1 Hisi za ndani

Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara, katika Uzbekistan ya leo, takriban mwaka wa 980, akafariki mjini Hamadan, Uajemi, mwaka wa 1037. Alikuwa tabibu na mwanafalsafa, na mchango wake mkubwa katika mada yetu unatokana na kuyaunganisha mambo hayo mawili. Nadharia yake imo hasa katika sehemu ya nafsi ya kitabu chake cha falsafa, al-Shifa, na katika kitabu cha tiba, al-Qanun.

Kiswahili kina msemo wa milango mitano ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ibn Sina alikubali milango hiyo, kisha akauliza: nani anayepokea kinachopita mlangoni? Jibu lake ni kwamba kuna hisi tano za ndani, kila moja ikiwa na kazi yake na mahali pake katika vyumba vya ubongo.

Ya kwanza ni hisi ya pamoja, inayokusanya habari za milango yote. Ushahidi wake ni rahisi: tone la mvua linaloanguka huonekana kama mstari, ingawa kwa kila nukta ya wakati jicho hulipata mahali pamoja tu. Lazima kuwe na uwezo wa kuliunganisha lilipokuwa na lilipo. Ya pili ni taswira, inayohifadhi maumbo baada ya vitu kuondoka. Ya tatu ni uwezo wa kuunda, unaoyaunganisha na kuyatenganisha maumbo hayo, ndiyo maana tunaweza kuwaza viumbe tusivyopata kuviona. Unapoongozwa na akili, uwezo huu huitwa fikra.

Ya nne ndiyo iliyozua mjadala mwingi. Wanafalsafa wa Kiarabu waliiita wahm. Sisi tunaweza kuiita nguvu ya kukisia. Kondoo akimwona mbwamwitu, macho yake huona rangi na umbo. Uadui hauna rangi wala umbo, lakini kondoo huuhisi na kukimbia, hata kama hajawahi kukutana na mbwamwitu maishani. Basi kuna nguvu inayotambua maana iliyo ndani ya kinachoonekana. Ya tano ni kumbukumbu, inayohifadhi maana hizo. Hivyo taswira huhifadhi sura ya kitu, nayo kumbukumbu huhifadhi kile ambacho kitu hicho kilitumaanishia.

Kwa nini tano, si tatu wala saba? Ibn Sina alikuwa na kanuni: kazi mbili zikiweza kuachana, ni za nguvu mbili. Kupokea si kuhifadhi. Maji hupokea umbo la muhuri lakini hayalihifadhi. Aidha, madhara katika sehemu fulani ya ubongo huharibu kazi fulani na kuziacha nyingine salama. Katika kanuni hii tunaona ukaribu na mbinu ya kisasa ya kuichunguza akili kupitia majeraha ya ubongo, ijapokuwa vyumba alivyovitaja sivyo vinavyofanya kazi hizo.

5.2 Mtu anayeelea

Ibn Sina anamtaka msomaji awazie mtu aliyeumbwa ghafla akiwa mkamilifu, anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo vimetengana visigusane, haoni wala hasikii wala hahisi chochote. Je, atajua kwamba yupo? Anajibu kwamba atajua. Hatakuwa na habari ya mkono, ubongo wala moyo, ila nafsi yake ataithibitisha. Takriban miaka mia sita baadaye, René Descartes (1596–1650) alifuata njia inayokaribiana na hii.

Hoja hii ina udhaifu. Kutojua kwamba nina mwili si ithibati kwamba naweza kuwapo bila mwili. Pamoja na hayo, thamani yake kisaikolojia inabaki, kwani imelitenga swali la kujitambua na swali la kuhisi vitu vya nje. Mtu huweza kufungiwa milango yote mitano na bado akabaki na habari moja: habari ya kuwapo kwake.

5.3 Nafsi inapouamuru mwili

Ibn Sina aliona kuwa mtu hutembea bila shida juu ya gogo lililolazwa njiani. Gogo lilo hilo likitandazwa kuwa daraja juu ya korongo, mtu huyo hutambaa kwa woga na huenda akaanguka. Gogo halikubadilika, wala miguu haikubadilika. Kilichobadilika ni taswira ya kuanguka, ambayo imejikita nafsini hadi viungo vikaitii.

Katika al-Qanun aliizungumzia ashiki, mapenzi yanayogeuka kuwa ugonjwa, miongoni mwa maradhi ya kichwa. Mgonjwa hudhoofika, macho humwingia ndani, naye humficha anayempenda. Tabibu hushika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya mshipa huku akitaja majina mbalimbali. Mapigo yakibadilika mara kwa mara jina fulani linapotajwa, siri imefichuka. Kwamba mwili hukiri kile ambacho ulimi umekataa kukisema ni wazo ambalo wengi wetu tulifundishwa kulihusisha na Vienna ya Freud.

6.0 Kutoka Toledo hadi Thomas Aquinas

Katika karne ya 12, mji wa Toledo nchini Uhispania ulikuwa kituo kikubwa cha tafsiri. Hapo ndipo kitabu cha Ibn Sina kuhusu nafsi kilipotiwa katika Kilatini na watu wawili. Msomi Myahudi aliyejulikana kwa Kilatini kama Avendauth aliyatamka maneno ya Kiarabu moja moja katika lugha ya wenyeji, naye kasisi Dominicus Gundissalinus akayaandika kwa Kilatini. Kitabu cha Mwislamu kilitafsiriwa na Myahudi na Mkristo kwa ajili ya askofu mkuu. Kitabu cha al-Qanun nacho kilitafsiriwa mjini humo na Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka wa 1187.

Thomas Aquinas (1225–1274), mtawa wa Italia, aliyapokea mawazo hayo akayapima. Katika Summa Theologiae alimtumia kondoo yule yule na mbwamwitu yule yule, lakini akazipunguza hisi za ndani kutoka tano hadi nne. Kwa maoni yake, taswira ya binadamu inatosha kuunganisha maumbo ya dhahabu na mlima ikapata mlima wa dhahabu. Hakuna haja ya nguvu nyingine. Aidha, alipanga hisia katika makundi mawili yenye jumla ya hisia 11: upendo, chuki, tamaa, karaha, furaha na huzuni kwa upande mmoja, tumaini, kukata tamaa, ujasiri, hofu na hasira kwa upande wa pili. Kundi la kwanza huhusu jema au baya lenyewe. La pili huhusu jema lililo gumu kupatikana na baya lililo gumu kuepukika.

Alipouliza huzuni hutibiwaje, Aquinas alitaja mambo ambayo hayatarajiwi kwa mwanateolojia: kitu cha kufurahisha, kulia, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, usingizi na kuoga. Kulia husaidia, alisema, kwa sababu kinachoumiza huumiza zaidi kikifungiwa ndani. Rafiki husaidia kwa sababu huzuni ni kama mzigo, na mwenye huzuni huona kwamba anapendwa.

7.0 Umuhimu kwa Mhakiki wa Kiswahili

Yatupasa tujihadhari. Maneno nafsi, akili na wasiwasi hayakuletwa pwani ya Afrika Mashariki na wasomaji wa Ibn Sina. Yaliingia kupitia dini, elimu ya madrasa, biashara na ujirani wa karne nyingi, yakakutana na maneno ya Kibantu kama vile moyo, wazo na kumbuka, yakabadilika. Roho katika Kiswahili imepanuka: tuna roho mbaya, roho ngumu na roho mkononi. Wasiwasi nao umelegea, tukautumia kwa mashaka yoyote madogo. Lakini mtu anayerudia kutawadha mara kadhaa kwa kushuku kwamba udhu wake haujatimia bado huambiwa ana wasiwasi, na hapo maana ya al-Balkhi i karibu sana.

Mgogoro wa moyo na ubongo nao haukutupita. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi hauzungumzi na msomaji kwanza. Anauonya moyo wake mwenyewe. Nafsi imegawanyika pande mbili, upande unaojua na upande unaokaidi. Ukija katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, vurugu imehamia kichwani hata katika anwani.

Tumchukue Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, msomi anayeishia kujiua. Mhakiki wa Kifreudi atayatafuta matamanio yaliyokandamizwa. Ni njia halali. Hata hivyo, maswali ya al-Balkhi yanafungua mlango mwingine: je, huzuni ya Kazimoto ina sababu anayoijua, au ni ile isiyo na chanzo dhahiri? Ni fikra gani zinazomrudia, na kwa nini hana akiba ya fikra za kuzipinga? Je, yuko wapi rafiki wa Aquinas wa kumsaidia kubeba mzigo? Maadamu riwaya inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, ushahidi wa maswali haya umo katika matini, na mhakiki hahitaji kubuni utoto ambao mwandishi hakuuandika.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Augustine aliichunguza kumbukumbu kutoka ndani, al-Balkhi akayapambanua maradhi ya nafsi, Ibn Sina akazigawa kazi za akili na kuzitafutia ushahidi, naye Aquinas akaupima urithi huo na kuupanga upya. Walikosea kuhusu vyumba vya ubongo, na sayansi imewapita katika mengi. Mbinu yao ya kutofautisha kazi moja na nyingine, na kuuliza ni nini kinachobaki moja inapoharibika, haijapitwa.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kozi za nadharia ya uhakiki katika idara zetu zitenge angalau mhadhara mmoja kwa ajili ya wanafikra hawa, kabla ya kuingia kwa Freud. Pili, wanaounda istilahi za saikolojia kwa Kiswahili wayachunguze kwanza maneno tuliyo nayo na historia yake. Lugha yenye ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, na inayoweza kuzipambanua nne hizo, haiji mikono mitupu katika mjadala wa akili ya binadamu.